Usiseme "ni malaria tu": kuishi na saratani iliyosambaa ukiwa kwenye imunotherapi, kwa sisi wa Mwanza na visiwani

Mama yangu ameanika dagaa Ukerewe kwa miaka mingi, na nyayo zake zilishazoea mchanga wa moto. Alipoona doa jeusi chini ya mguu alisema ni mwiba umezamia. Doa likawa kidonda, kidonda kikagoma kukauka, na siku kinyama kilipopelekwa maabara jibu likaja: melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa sisi weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Tayari ilikuwa imefika kwenye tezi za kinena na mapafuni. Daktari akatuambia kuna imunotherapi, yaani tiba ya kinga.

Mimi si daktari. Ni mtoto niliyemuuguza, niliyekaa kwenye mabenchi ya kliniki mpaka nikajua ubao upi umelegea. Nayaandika yale ambayo ningependa mtu anipe siku ile ya kwanza, kabla hatujafanya makosa.

Hatua ya 1: Jua dawa inafanya nini, maana jina lake linapotosha

Mtu akisikia "tiba ya kinga" anadhani ni dawa ya kuongeza kinga, kama vitamini. Hapo ndipo vurugu inapoanzia. Kinga ya mwili ni kama mgambo wa jiji: inazunguka, inakagua, inakamata wasiostahili kuwepo. Saratani humwonyesha mgambo kitambulisho cha kughushi, naye anapita zake. Dawa kama pembrolizumab na nivolumab hukiziba kitambulisho hicho, na mgambo anarudi kazini. Waliogundua njia hii, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018.

Lakini sisi wa Mwanza tunamjua mgambo aliyeachiwa. Anaweza kupiga teke meza ya mama lishe asiye na kosa. Kinga iliyofunguliwa hivyo inaweza kuvamia utumbo, mapafu, ini, figo, tezi ya shingoni, hata moyo. Ndiyo maana madhara ya dawa hii hayafanani na ya kemo (kemotherapi, zile dawa za kuua seli za saratani moja kwa moja). Kwa kawaida nywele hazinyonyoki, na kutapika si kwingi. Kinachokuja ni uvimbe wa ndani, na unaweza kuja wiki mbili baada ya dripu ya kwanza au miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Shika hilo la mwisho, wengi hulisahau.

Muulize daktari waziwazi: lengo ni nini? Kwa saratani iliyosambaa lengo huwa ni kuidhibiti kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Kuna wanaoitikia dawa na kuishi miaka mingi, na kuna ambao haiwagusi kabisa. Kwenye kundi letu la ukoo mtu alituma habari za Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, aliyetibiwa melanoma kwa pembrolizumab mwaka 2015 na kufariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Ni kweli. Ila alifanyiwa pia upasuaji na mionzi, na melanoma ya unyayo huitikia kidogo kuliko ile ya ngozi iliyounguzwa na jua. Matumaini yetu tuliyapima kwa kibaba hicho.

Hatua ya 2: Vipimo kabla ya dripu ya kwanza

Hakikisha yafuatayo yamefanyika, na majibu uyaweke kwenye faili lako mwenyewe: picha kamili ya damu, ini, figo, sukari, tezi ya shingoni (TSH), virusi vya homa ya ini B na C, VVU, na uchunguzi wa TB. Uliza pia kuhusu kipimo cha moyo cha ECG. Kuwa na VVU hakumfungii mtu mlango wa dawa hii moja kwa moja. Alimradi anameza ARV zake vizuri, hilo ni la kuzungumza na daktari.

Kwa baadhi ya saratani, kama ya mapafu, utumbo mpana au shingo ya kizazi, daktari anaweza kutaka kipimo cha ziada kwenye kinyama kilekile, kwa mfano PD-L1, kinachotafuta kile kitambulisho cha kughushi. Kwa hiyo ulizia bloku, kile kipande cha nta chenye kinyama chako. Kiko maabara kilipopimwa kinyama hicho (biopsi), na unaweza kukiomba kipelekwe kwingine. Wapo waliokatwa kinyama mara ya pili kwa sababu tu hakuna aliyeikumbuka bloku.

Sema kila kitu: pumu, baridi yabisi, lupasi, kiungo ulichopandikizwa, ujauzito. Mwanamke wa umri wa kuzaa anatakiwa kuzuia mimba wakati wa tiba na kwa miezi 4 baada ya dozi ya mwisho ya pembrolizumab.

Hatua ya 3: Pesa, na barafu

Dozi moja huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Sitaji bei, maana inabadilika na bima zinatofautiana. Nasema hivi: kabla ya kuchangisha ukoo mzima, muulize daktari tutajua lini kama dawa inafanya kazi. Mara nyingi CT skani ya kwanza, picha ya kuona ndani ya mwili, hufanyika kati ya wiki ya 9 na ya 12. Pembrolizumab hutolewa miligramu 200 kila wiki 3, au 400 kila wiki 6, kwa hiyo fungu la kwanza la kutafuta ni la kufika kwenye picha hiyo, pamoja na hela ya picha yenyewe. Sisi tulianza na hela ya dozi moja tukitegemea Mungu na kikundi cha WhatsApp. Dozi ya pili ikachelewa wiki tatu huku shangazi na wajomba wakibishana nani hajatoa. Usianze hivyo. Uliza pia kitengo cha ustawi wa jamii hospitalini, na uliza bima yako kwa maandishi, jibu la mdomo dirishani halitakusaidia.

Ikibidi dawa itoke Dar es Salaam, iletwe na famasia inayotambulika, yenye risiti, dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini. Mtu anayekwambia "ninayo ya bei nafuu, nikutumie kwa basi" muache apite.

Halafu baridi. Dawa hizi hukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Sisi watu wa ziwa tunajidai tunaijua barafu, na shemeji yangu, ambaye kazi yake ni sangara pale Mwaloni Kirumba, alijitolea kupokea boksi uwanja wa ndege. Akalifungua, akaona barafu imekaa pembeni na kitambaa katikati, akataka kukizika kichupa ndani ya barafu kama samaki. Nilimshika mkono. Dawa hii ni protini. Ikiganda imekufa, na kwa macho huenda usione tofauti. Kichupa kisigusane na barafu, kisitikiswe, na kifikishwe famasi ya hospitali siku hiyohiyo. Friji ya nyumbani kwenye umeme wa kukatikakatika si mahali pake.

Hatua ya 4: Siku ya dripu

Hii ni rahisi kuliko mnavyoogopa. Damu inapimwa kwanza, na majibu yakiwa mabaya dripu inaahirishwa, msilazimishe. Pembrolizumab huingia kwa dakika 30 hivi. Ukihisi kuwashwa, kutetemeka, kifua kubana au uso kuvimba, mwambie muuguzi palepale. Vaa nguo ya mikono mipana, beba maji na kitu cha kula.

Kabla ya kuondoka chukua namba ya simu ya kupiga usiku. Sisi tulipewa ya kliniki, ambayo baada ya saa tisa alasiri inaita tu. Omba ya wodi.

Hatua ya 5: Kadi kwenye pochi, daftari mezani

Mahali ambapo zahanati iko karibu kuliko daktari wa saratani, maandishi ndiyo sauti yako. Andika kadi, ifunike nailoni, ikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho:

*"Natibiwa saratani kwa pembrolizumab. Hii ni imunotherapi, si kemotherapi. Kuhara, kikohozi kipya, kukosa pumzi, homa, macho ya njano, kizunguzungu au maumivu ya kifua vinaweza kuwa madhara ya dawa hii hata kama nina maambukizi. Tafadhali piga simu kwa daktari wangu kabla ya kunipa dawa au kunirudisha nyumbani. Simu ya daktari: …… Dripu ya mwisho: tarehe ……"*

Daftari ni la shule, la kurasa 40 linatosha. Kila jioni mistari minne: choo mara ngapi na cha namna gani, pumzi, joto la mwili, kitu kipya chochote. Nunua kipimajoto. Kiganja cha shangazi kwenye paji la uso hakina namba. Uzito pima kila wiki.

Andika pia hali ya kawaida ya mgonjwa kabla ya kuanza. Daktari hakuulizi tu umeenda chooni mara ngapi. Anataka kujua zimeongezeka ngapi.

Hatua ya 6: Dalili zinazovaa nguo za magonjwa yetu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipokaribia kumpoteza mama.

Ilikuwa siku kumi baada ya dripu ya tatu. Mama alikuwa amekuja kwangu Igoma. Asubuhi alienda chooni mara tatu, akasema ni yale maharage. Kesho yake mara sita. Nikampeleka zahanati ya jirani, wakapima damu, wakasema ni taifodi, wakampa antibiotiki, sipro na Flagyl. Sikusema kwamba yuko kwenye imunotherapi. Kusema kweli, niliona aibu kuanza kueleza mbele ya foleni, na nilijua mimi mwenyewe sielewi vizuri. Siku ya tatu, saa nane usiku, nikasikia ndoo inagongwa uani. Nilimkuta amechuchumaa, ameshika ukingo wa karo, kanga imelowa, kwenye ndoo kuna makamasi na damu. Akaniambia, "Mwanangu, usiwashe taa kubwa, wapangaji wataona."

Ulikuwa utumbo mpana, umevamiwa na kinga yake mwenyewe. Sipro isingefanya kitu.

Tatizo letu ni hili: kila dalili ya hatari ya dawa hii ina jina lingine Kanda ya Ziwa. Kuhara ni taifodi au amiba. Damu kwenye choo ni kichocho. Homa ni malaria. Kikohozi ni TB au vumbi. Uchovu ni uzee. Na ubaya ni kwamba majina hayo mara nyingi ni ya kweli. Malaria ipo, kichocho kimejaa mwambao mzima. Kwa hiyo sisemi upuuze malaria. Pima, na ikionekana itibu. Lakini kipimo kikisoma malaria, simu kwa daktari wa saratani bado inapigwa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Piga simu siku hiyohiyo kama:

- choo kimeongezeka mara nne au zaidi kwa siku kuliko kawaida yako, au kuna damu, makamasi, au tumbo linasokota;
- kikohozi ni kipya, au ngazi ulizokuwa unapanda sasa zinakukata pumzi;
- joto limefika 38;
- macho ni ya njano, au mkojo una rangi ya chai ya rangi;
- unakunywa maji na kukojoa kupita kiasi (kisukari kinaweza kuzuka kwa siku chache tu);
- kichwa kinauma mfululizo pamoja na kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu, au macho yanaona ukungu; tezi ndogo ya chini ya ubongo au za juu ya figo huenda zimeguswa;
- upele umeenea sehemu kubwa ya mwili, au ngozi inachubuka, au kuna vidonda mdomoni.

Usisubiri simu ipokelewe, nenda hospitali kubwa moja kwa moja kama kifua kinauma, moyo unakwenda mbio au kwa kurukaruka, kope zinaanguka, shingo inalegea, pumzi inakata ukiwa umekaa, au mgonjwa anaongea visivyoeleweka. Moyo ukivamiwa ni nadra, lakini haungoji asubuhi.

Dawa ya kufunga tumbo ya dukani usimeze kabla hujaongea na daktari; inaweza kuficha moto unaoendelea. ORS kunywa, hiyo haina ubishi. Kama hakuna pakiti: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mambo mengine yanasumbua bila kutisha. Kuwashwa kunatulizwa kwa losheni isiyo na manukato na dawa ya mzio. Tezi ya shingoni kwa baadhi ya watu hupungua kasi: kuhisi baridi, choo kigumu, kuongezeka uzito, uchovu usioisha. Hapo utapewa levothairoksini, homoni ya kuziba pengo la tezi, pengine ya maisha, na tiba ya saratani inaendelea. Mama alitokwa na mabaka meupe mikononi na usoni. Majirani walinong'ona ukoma, mmoja akasema amerogwa. Daktari alieleza kwamba kwa wagonjwa wa melanoma mabaka hayo yanajulikana, yanatokea kinga inaposhambulia seli za rangi, na mara nyingi huonekana kwa wale ambao dawa inawashika. Hakuahidi kitu. Lakini mama alianza kuvaa blauzi za mikono mifupi.

Hatua ya 7: Ukipewa prednisoloni

Kwa madhara makali dawa kuu ni stiroidi, yaani dawa za kuituliza kinga, mara nyingi prednisoloni, kwa dozi inayohesabiwa kwa uzito wa mgonjwa. Inapunguzwa taratibu, kwa wiki nne hadi sita au zaidi. Mama alipona tumbo ndani ya wiki, akataka kuacha vidonge kwa kuwa vilimnyima usingizi. Ukiziacha ghafla ugonjwa unarudi, na mwili unaweza kuzimika kwa kukosa homoni yake ya asili. Meza asubuhi, baada ya kula. Pima sukari. Ukiona utando mweupe mdomoni, sema.

Kwa sisi wa mwambao kuna la kuongeza: kabla ya stiroidi ya siku nyingi mkumbushe daktari kuhusu TB na minyoo ya strongiloidi. Wote hao hulala kimya mwilini na stiroidi huwaamsha. Na choo kipimwe kichocho pia. Kutibu kimoja hakufuti kingine.

Hatua ya 8: Chakula, ziwa na mitishamba

Hakuna chakula cha imunotherapi. Sato wa kuchemsha, dagaa, mayai, maharage, mlenda, uji wa ulezi, matunda yaliyomenywa: kula unachoweza, kidogokidogo. Tumbo likiwa bovu punguza mafuta, pilipili na maziwa. Maji ya ziwa yachemshwe. Usioge wala kufua ukiwa umesimama ziwani. Kichocho kikiingia katikati ya tiba hii, kila tone la damu chooni litakuwa fumbo.

Mitishamba ndiyo iliyoleta ugomvi kwetu. Mjomba alitoka Sengerema na chupa tatu, kila moja "inaongeza kinga". Sikumdharau, ni mkubwa wangu na alikuja kwa upendo. Nilimwambia, "Mjomba, mgambo ameshaachiwa. Tukimwongezea rungu atabomoa nyumba." Zaidi ya hapo, dawa isiyojulikana ikiharibu ini, daktari hatajua amlaumu nani na huenda akasimamisha dripu. Alichukia siku mbili, kisha akaanza kuleta machungwa.

Usinunue antibiotiki kiholela. Wataalamu wameona kwamba waliotumia antibiotiki karibu na kuanza tiba hii mara nyingi walipata matokeo hafifu. Zikihitajika zitumike, lakini zihitajike kweli. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, zisichomwe bila ruhusa ya daktari wako.

Hatua ya 9: Unapokaa na unavyosafiri

Ukitoka Sengerema au Geita, daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 na ushee, limefunguliwa tangu Juni 2025, na kusubiri kivuko na mgonjwa mikononi kumekwisha. Visiwani bado ni meli na ratiba yake. Kwa hiyo baada ya kila dripu mama alibaki mjini siku kadhaa, na alipokuwa Nansio tulikuwa na makubaliano: dalili yoyote ya orodha ile inamleta mjini kwa meli inayofuata, hata kama anajisikia nafuu, na ile ya dharura inampeleka hospitali ya wilaya saa hiyohiyo na kadi mkononi. Fungu la nauli lilikaa kwenye simu yake, haliguswi hata kwa ada ya shule.

Hatua ya 10: Siku ya picha

CT skani ikionyesha uvimbe umekua, uliza kama daktari anataka kurudia baada ya wiki chache. Mara chache uvimbe huonekana mkubwa kwa sababu seli za kinga zimejaa ndani yake. Nasema mara chache. Mara nyingi ukikua umekua, hasa kama na hali ya mgonjwa inashuka, na kung'ang'ania dozi zaidi ni kuuza shamba bure. Ikionyesha umesinyaa au umetulia, uliza tiba itaendelea hadi lini. Kwa saratani nyingi kikomo huwekwa miaka miwili.

Hatua ya 11: Tiba shufaa ianze mapema

Tiba shufaa ni ile ya kupunguza maumivu na mateso, lakini wengi wetu tukiisikia tunasikia sanda. Iombe tangu mwanzo, ukiwa bado kwenye dripu. Bugando hapa Mwanza na Ocean Road ya Dar es Salaam, hospitali ambako wagonjwa wengi wa saratani wa kanda hii huishia, uliza kitengo hicho kwa jina. Wao ndio wanaojua maumivu, kukosa usingizi, kukosa pumzi, na maneno magumu ya familia. Mofini ya kunywa ikitolewa na mtaalamu haimmalizi mtu. Inampa usiku wa kulala. Itaanza na usingizi kidogo na itafunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itembee nayo sambamba. Na kwenye daftari andika tarehe ilipoanza, ili choo kikilegea ghafla usidhani tu kwamba mofini imeacha kukifunga; huenda ni utumbo umevamiwa.

Mazungumzo ya shamba, nyumba, na nani atabaki na mjukuu, mama aliyaanzisha mwenyewe, tukiwa tunachambua dagaa, baada ya dripu ya tano. Nilitaka kumnyamazisha. Akanisukumia ungo mwingine, akaendelea kuongea.